Weris Anayepanda Nyasi

"Weris, ng'ombe akizaa, wewe ndiye humfundisha ndama kunyonya? Basi nani alikuambia nyasi zinangoja binadamu azipande?"

Aliyeuliza hivyo ni Abshiro, jirani yake, asubuhi moja kwenye uwanda ulio nje ya Masalani. Weris alikuwa amepiga magoti na jembe dogo mkononi, anachimba kishimo chenye umbo la hilali ili maji ya mvua yakija yasikimbie. Abshiro alikuwa anapita na dumu lake la maji, akasimama kuangalia kazi hiyo ya ajabu. Wanawake wengine waliokuwa wakichimba walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Weris naye alicheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "ndama ana mama yake. Ardhi hii mama yake amekufa. Mimi ni yaya tu."

"Yaya wa majani," Abshiro akasema, akaendelea na njia yake.

Weris ni mjane wa Korane. Watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, na yeye anakaa pembezoni mwa mji, pale nyumba za mabati zinapoishia na vichaka vinapoanza. Anasuka mikeka ya kuezekea nyumba za wafugaji, na ana mbuzi wachache wa maziwa ya chai. Si mtu wa maneno mengi. Ukienda kwake na shida atakuwekea chai kwanza, akusikilize mpaka umalize, halafu aseme "Mungu ni mkarimu," na mara nyingi wewe mwenyewe utaondoka umeshajua la kufanya.

Alizaliwa huko huko uwandani. Anakumbuka nyasi zilizomgusa ndama tumboni, za rangi ya kijani wakati wa mvua na rangi ya simba wakati wa jua. Na anakumbuka hirola. Huyo ni swala wa rangi ya mchanga, na kando ya kila jicho ana kitundu cheusi kinachofanana na jicho jingine, ndiyo maana wapo wanaomwita swala wa macho manne. Ukiwatoa wachache waliohamishiwa Tsavo zamani, hirola hapatikani mahali pengine duniani ila pande hizi. Wazee wa kwao hawakumwinda. Walisema hirola akilisha karibu na ng'ombe wako, hiyo ni baraka imekuja kukusalimia, na akiondoka, anza kuwaaga ng'ombe.

Basi hirola waliondoka. Hawakuondoka siku moja. Mvua zilianza kuchelewa, zikawa zinakuja kwa hasira na kuondoka kabla ardhi haijanywa, na kila mwaka nyasi zilipungua na vichaka vya miiba vikachukua nafasi yake. Halafu ukaja ule ukame mkubwa, mvua ikakosa msimu baada ya msimu, watu wakakaa wakitazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine. Ng'ombe wa Korane walikufa wote. Korane mwenyewe aliishi mwaka mmoja tu baada yao. Daktari alisema ni moyo, na Weris hakubishana na daktari.

Ni baada ya hapo ndipo Idman alipokuja. Idman ni binti wa mtaa wa Iftin, Garissa mjini, amesomea mambo ya malisho na ardhi, na shirika lililomwajiri lilimtuma Masalani kuzungumza na wanawake. Alikuja na viatu vya mjini, akavivua mlangoni, akakaa mkekani kwa Weris kama mtoto wa nyumbani. Wanawake walijaa. Abshiro alikuwepo pia, kwa kuwa hakuna mkutano unaofanyika Masalani bila Abshiro.

Idman aliwaeleza kwamba moshi wa magari, wa viwanda, na wa misitu inayochomwa, una hewa inayopanda na kutanda juu ya dunia yote kama blanketi la mgonjwa wa homa. Joto linaingia, halitoki. Ndiyo sababu mvua zimechanganyikiwa. Na mmea, uwe mti au uwe nyasi, huivuta hewa hiyo, huila, na sehemu yake huishusha mizizini, ikakaa chini ya udongo mradi udongo haujaachwa uchi.

Abshiro akainua kikombe chake. "Nimeelewa. Watu wa Ulaya wapike, halafu moshi wao aufagie Weris."

Nyumba nzima ilicheka. Idman alicheka pia, akangoja watulie.

"Eedo, shangazi Abshiro, kosa lao ni kubwa kuliko letu, hakuna anayebisha, na lazima waache. Lakini wao wakikosa mvua wana mabomba na maghala. Sisi je? Tuseme wewe utahamia Nairobi kwa mwanao. Hirola atahamia kwa nani? Kima wekundu wa msitu huu wa Tana, wana mto mwingine? Mungu ametupa nchi yenye viumbe wengi ambao hakuwapa wengine. Aliyepewa vingi ndiye mwenye vingi vya kupoteza. Kwa hiyo sisi hatuwezi kukaa tukingoja wengine waanze."

"Na nyasi?" Weris akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Mizizi yake inashuka kiasi gani?"

"Nyingine zinashuka kuliko kimo chako, eedo."

Weris aliupapasa udongo kando ya mkeka. "Kumbe tumekuwa tukitembea juu ya ghala," akasema, "na tumeliacha wazi."

Akakubali wazipande nyasi upya. Wanawake walipewa kipande cha uwanda na wazee wa mahali, kipande ambacho hakuna aliyekitaka. Wakakata vile vichaka vya miiba vilivyovamia, miti mikubwa wakaiacha isimame, na miiba waliyoikata hawakuichoma makaa. Waliizungushia kile kipande kama ua, iliyobaki wakailaza juu ya vishimo ili mbuzi wasifukue.

Ikabaki mbegu. Nyasi za zamani, zile zenye mkia wa mbegu ulio laini kama wa bweha, zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu: ndani ya ua wa makaburi, ambamo mifugo haiingii. Weris na wenzake walikwenda, wakatoa salamu kwa waliolala humo, wakasoma dua, wakaanza kukata. Kaburi la Korane liko upande ule wa magharibi. Weris alikata nyasi za pembeni mwake mwenyewe, polepole, wala hakuna aliyemharakisha.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo mkulima wa Meru au wa Kitale asingelifanya. Mfugaji anazijua nyasi kwa ulimi wa ng'ombe. Anajua ipi inaleta maziwa, ipi inaleta siagi, ipi inamharisha ndama. Wanawake wale walizikata zikiwa nzuri, yaani zikiwa za kijani, laini, zenye utamu, siku zile ambazo ng'ombe angezililia. Walijisifu kwa uchaguzi wao. Idman alipopiga simu kuuliza kama mbegu ni safi, walimwambia ni safi kabisa, hata wao wenyewe wangetamani kuzila.

Mvua ikanyesha. Vishimo vikajaa maji, miiba ikaoga, na ardhi ikabaki vile vile, nyeusi na tupu. Zikaota mbigili.

"Yaya," Abshiro akasema akipita na dumu lake, "watoto wamelala sana leo."

Weris aliumia, lakini aliinama akachukua kimkia kimoja kilichosalia, akakifikicha kiganjani. Ndani yake hamkuwa na kitu, kama pumba. Ndipo alipoelewa. Alimpigia simu Idman, akamweleza alichokiona.

"Eedo, nisamehe," Idman akasema. "Nilidhani nyote mnajua zinangojwa zikauke. Sikuwaza kwamba kwenu nyasi kavu ni nyasi iliyokufa."

"Wewe hukuwaza na mimi sikuuliza," Weris akasema. "Tumegawana. Sasa tungoje msimu mwingine."

Wakangoja. Msimu uliofuata waliziacha nyasi za makaburini mpaka zikageuka rangi, zikawa hazina maana tena kwa ng'ombe, na mbegu zikawa zinadondoka kwa kuguswa tu. Wakapanda. Mvua ilipokuja, vile vishimo vya hilali vilijaa kijani kibichi, kwanza kama ndevu za kijana, halafu kama kichwa cha mtu asiyenyoa. Weris alikuwa akienda kila asubuhi baada ya swala, anazunguka ua wote, anarudi nyumbani na nguo zilizolowa umande. Umande kwenye nyasi alikuwa hajaukanyaga tangu ujana wake.

Halafu likaja jilaal, lile jua kali la mwanzoni mwa mwaka, na pamoja nalo akaja Barre.

Barre ni mdogo wake marehemu Korane. Alikuwa ametoka pande za Balambala, akiufuata mto kwa safari ndefu na ng'ombe aliobaki nao, na ng'ombe hao walikuwa mifupa iliyovikwa ngozi. Weris aliwapikia yeye na wachungaji wake, akawapa mahali pa kulala. Asubuhi Barre akatoka kutazama nchi. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dumaashi," akamwambia, maana ndivyo watu wanavyomwita mke wa ndugu yao, "nimeona nyasi."

"Umeziona."

"Zina ua."

"Nimeuweka mimi na wenzangu."

Barre alikunywa chai yake akaiweka chini bila kuimaliza. "Mimi nimezaliwa nikiambiwa maji ya kisima yana mwenyewe kwa kuwa mtu ameyachimba. Nyasi hazina mwenyewe. Nyasi ni za Mungu na za aliye na njaa. Kaka yangu angenifungia?"

Na hilo ni kweli. Katika desturi yao, kumnyima mtu malisho ni aibu ambayo watoto wako watatajiwa. Weris alijua hivyo kabla Barre hajazaliwa. Lakini alijua pia kwamba mikia ilikuwa bado ya kijani. Ng'ombe wale wangezimaliza kwa siku chache, mbegu isingeanguka hata moja, na hizo ndizo zilikuwa mama wa uwanda mzima. Makaburini hazikubaki za kutosha kuanza upya.

"Nipe siku ya leo nifikiri," akasema.

Alfajiri ya pili yake, alipotoka kwenye swala, alisikia mlio wa ng'ombe upande wa ua. Alikwenda kwa haraka kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Alimkuta Barre ameshika fimbo, tawi moja la miiba limevutwa kando, na ng'ombe wa mbele ameingiza shingo. Weris hakupiga kelele. Alimsukuma ng'ombe pua kwa kiganja, kama anavyosukumwa ndama asiyeachia titi, akarudi nyuma, akaketi chini kwenye pengo lenyewe na kukusanya jilbabu yake magotini.

"Dumaashi, inuka," Barre akasema.

"Nimechoka. Nikishakaa siinuki upesi."

"Watu wataniona."

"Wataniona na mimi."

Barre alitazama kushoto na kulia. Mwanamume hawezi kumvuta mke wa kaka yake aliyekufa, na ng'ombe hawezi kumruka mtu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwenye njaa hana miiko."

"Kweli. Keti basi, mwenye njaa, nikuulize jambo." Barre akachuchumaa, fimbo mapajani. "Ng'ombe wa Korane walikufa kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Njaa."

"Nani aliyemnyima nyasi?"

"Hakuna aliyemnyima. Zilikuwa hazipo."

"Basi," Weris akasema. "Mimi sikunyimi. Mimi nazizuia zisiwe hazipo."

Ng'ombe alikuwa analamba bega la Weris, anatafuta chumvi ya jasho, na Weris alimwacha.

"Nilikuwa nikidhani kama wewe," akaendelea. "Nikidhani Mungu atazirudisha mwenyewe kama alivyoziondoa. Lakini hazikuondolewa na Mungu peke yake, Barre. Tumekanyaga sisi, wengine huko mbali wametoa moshi wao, mvua ikaharibika, na kila mtu amekaa anamngoja mwenzake. Sasa hizi zimeota. Mizizi yake inashuka chini inafunga udongo, inaweka ile hewa mbaya mahali pake. Mbegu zake zikianguka, mwaka ujao huu ua utakuwa mdogo kwa nyasi. Ukiingia leo, ng'ombe wako watashiba wiki hii, halafu sote tutarudi kula vumbi."

"Na ng'ombe wangu wafe wakitazama?"

"Sikusema wafe. Upande wa bondeni humu ndani ya ua maji yalituama, nyasi zikatangulia kukomaa. Mbegu zake chache tumeshakwisha kuzichuma. Mabua yapo, yamesimama. Tutayakata sisi wenyewe, tuwaletee wale walio dhaifu nyumbani kwangu. Wenye nguvu wapeleke kando ya mto."

"Mabua makavu," Barre akasema, kama mtu aliyealikwa harusini akapewa ukoko.

"Wewe mwenyewe umekonda kama bua, na bado Mungu amekuweka hai."

Hapo Barre alicheka, bila kutaka. Kisha akauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka mkia ugeuke rangi ya simba, na mbegu ianguke ukiigusa. Siku hiyo nitakuita mimi mwenyewe, uingize ng'ombe wote wakanyage, maana kwato zao zitazifukia mbegu kuliko jembe langu."

Barre akainuka, akampa mkono wa fimbo, yaani alimnyooshea ncha ya fimbo ashike asimame, kwa heshima. Kisha akalivuta lile tawi la miiba akalirudisha mahali pake. Mwiba ulimchoma kidole, akaunyonya, akaenda zake na ng'ombe nyuma yake.

Wanawake walikata mabua siku zote zile. Na katika waliokuja na mundu alikuwa Abshiro. Hakusema amekuja kusaidia. Alisema amekuja kuhakikisha kazi haifanywi vibaya. Ng'ombe wale dhaifu walijaa uani kwa Weris wakila mabua, mbuzi wake wakilalamika kwa kubanwa. Ng'ombe mmoja mkongwe alikufa. Barre alikaa kando yake mpaka mwisho, na hakumlaumu mtu. Wengine waliishi. Mikia ilipogeuka rangi na mbegu zikachumwa za kutosha, Weris alitimiza neno lake: alifungua ua kwa mikono yake, ng'ombe wakaingia, na Barre akasimama kwenye lango akisema "Bismillahi" kwa kila mmoja aliyepita.

Mvua ya gu, ile ya masika, ilichelewa, lakini ilikuja. Sasa ukisimama nyumbani kwa Weris ukitazama mashariki, unaona kijani ambacho hakijafika mbali, ila kimevuka mahali ua ulipokuwa. Asubuhi moja walionekana hirola, jike na mtoto wake na wengine wawili, wamesimama kwenye ukingo wa nyasi. Weris hakuwakaribia. Alikaa chini pale pale alipokuwa, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo ili asiwashtue, na chai yake nyumbani ikachemka ikakauka sufuriani.

Abshiro alipoambiwa, alisema atakwenda kuwatazama mwenyewe, kwa kuwa Weris macho yake si mazuri. Akaenda, akarudi. Siku iliyofuata alikuwa anachimba vishimo nyuma ya nyumba yake, na alipoulizwa anafanya nini alisema anatafuta pete iliyopotea.

Barre amerudi Balambala na gunia la mbegu kwenye punda. Amepiga simu kusema watu wa huko wamemcheka sana, kwamba mwanamume mzima amekuja na majani kama zawadi. Weris alimwambia awaache wacheke, ila asikate zikiwa bado za kijani.

Juzi Idman alipita kumuaga. Anakwenda Nairobi kwenye mkutano ambao watu wa nchi nyingi watakaa kuzungumza juu ya joto hili la dunia, na ameambiwa aeleze habari za wanawake wa Masalani. Walikaa mkekani, mbuzi wakizunguka. Idman akauliza, akifika huko na kupewa nafasi ya kusema, eedo angependa awaambie nini.

Weris alimmiminia chai, akasema:

"Waambie nyasi tunaweza kupanda, mvua hatuwezi. Wapunguze moshi wao, ili mvua ije kwa wakati wake. Na wewe ukirudi, tafadhali utuletee magunia ya katani. Mbegu tukizitia kwenye nailoni zinaoza."